Tukilala gesti Kisumu, wifi yangu ataona nimemdharau?

Kwako Mama Mshauri,

Salamu kutoka Nakuru, ambako baridi ya mwezi huu inatulaza na soksi. Nina miaka 36 na mume wangu ana 41. Tumeoana miaka 12 na Mungu ametujalia watoto watatu. Mimi nauza nafaka sokoni, yeye ni fundi wa magari. Hanipigi, hanitukani, na karo analipa. Ninachokuandikia huenda kikaonekana kidogo, lakini kimenikaa kooni tangu mwaka jana.

Mwaka jana mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa, tuliwapeleka watoto kwa mama yangu Njoro. Mume wangu akaniambia twende Kisumu siku tatu, tuikimbie baridi, tule samaki, tutembee. Tangu harusi sikuwa nimetoka na mume wangu kwenda mahali ambapo hakuna matanga wala harusi ya mtu. Nilisuka nywele. Nilinunua viatu vya wazi. Kumbe kwake yeye kwenda Kisumu maana yake ni kwenda kwa dada yake mkubwa anayeishi Migosi.

Wifi yangu ana roho safi, sitaki umfikirie vibaya. Alitupokea kwa vigelegele. Lakini nyumba ni ya vyumba viwili, na pamoja na sisi tulikuwa watu tisa. Nililala kitanda kimoja na mabinti zake wawili, mume wangu akalala kwenye kochi. Asubuhi nilichemsha chai ya watu tisa, mchana nikasonga ugali wa watu tisa, jioni vivyo hivyo, kwa sababu wifi hutoka alfajiri kwenda kwenye biashara yake, na mke wa ndugu hawezi kukaa amekunja mikono. Mume wangu alitembea na shemeji yake. Walienda kutazama mpira, wakaenda kukagua gari bovu la mtu fulani. Ziwa nililiona mara moja tu, kwa mbali, kupitia dirisha la matatu tukitoka Mamboleo. Viatu vyangu vilirudi Nakuru bila hata vumbi.

Sasa zamu yangu ya chama imefika, nimepokea shilingi 30,000. Nimemwambia mume wangu twende tena Kisumu, lakini safari hii tulale gesti, mimi na yeye. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema mtu hawezi kwenda mji alioko dada yake akalala kwa kulipia, kwani huko ni kumwambia dada kwamba nyumba yake haifai. Akaongeza kwamba gesti ni za watu wa mpango wa kando: "Mtu na mke wake wa ndoa watajiandikishaje pale?"

Kuna jambo jingine lazima ulijue. Huyo dada ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki mume wangu akiwa darasa la sita kule Vihiga, na dada akauza omena akamlipia karo hadi kidato cha nne. Kwa hivyo nikitamka neno lolote kumhusu dada, mume wangu anaona kama namgusa mama yake kaburini.

Mama, ninachotaka ni kiburi? Na kama si kiburi, tufanyeje ili wifi asiumie? Tena unisaidie kupanga siku hizo tatu, maana huo mji siujui, na mume wangu tayari ameanza kuandika orodha ya spea za kununua huko.

Niliyeliona ziwa dirishani,
Nakuru.

JIBU

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye vile viatu. Hapana, si kiburi. Miaka 12 umempikia mtu na kumzalia, sasa unataka siku tatu za kukaa naye bila sufuria kati yenu. Hilo ni ombi la mke anayempenda mumewe, na ningependa mumeo alisikie hivyo.

Mimi naishi Kisumu mwaka wa thelathini na kitu huu, na mimi pia ni dada mkubwa wa mtu. Kwa hivyo nitakujibu nikiwa nimekaa upande wa wifi yako, kwa sababu najua kinachomuuma mtu upande huo.

Miaka kadhaa iliyopita, Jumapili moja, nilikuwa soko la Kibuye nimeinamia rundo la mapazia. Nikasikia sauti ninayoijua ikibishania bei ya shuka. Nikainua kichwa. Ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, shuka ya maua mkononi, mkewe pembeni yake. Walikuwa Kisumu tangu Ijumaa. Shuka ilimponyoka. Akasema, "Tulikuwa tunakuja kwako kesho," na mkewe akatazama chini, nikajua kesho hiyo haikuwepo. Usiku ule sikulala. Nilihesabu kila neno nililowahi kumwambia yule mke wake, nikitafuta nilipomkosea.

Baada ya miezi ndipo ndugu yangu alinieleza kwamba hawakutaka kunisumbua, nyumba yangu ni ndogo. Mwanangu, nilitaka kulia. Kama angenipigia simu siku ya Alhamisi akaniambia maneno hayo hayo, ningeshukuru. Unajua dada mwenye vyumba viwili hufanya nini akisikia wageni wanakuja? Anaazima godoro kwa jirani. Anaenda kukopa pakiti mbili za unga dukani. Anawahamishia watoto sakafuni, na usiku anaamka kuangalia kama wageni wamejifunika. Kesho yake anadamka kwenda kazini na macho mekundu. Anafanya hayo kwa furaha, naam, lakini mgongo wake unajua. Huenda wifi yako naye mwaka jana alihesabu siku tatu hizo kama wewe.

Kitanda hakikuniuma hata kidogo. Kilichoniuma ni kuwakuta sokoni.

Kwa hivyo sehemu hii mpe mumeo aisome mwenyewe. Baba, shikamana na dada yako, una deni kwake na ni vizuri unalikumbuka. Lakini deni la karo halilipwi kwa kulala kwenye kochi lake. Mpigie simu wewe, si mkeo. Mkeo akipiga, hata aseme kwa asali, itasikika kwamba mwanamke amekataa nyumba. Piga wiki moja kabla, jioni akiwa ametulia, umwambie hivi kwa lugha yenu: "Dada, tunakuja mjini Alhamisi. Safari hii nimemchukulia mama watoto chumba, nataka apumzike, mwaka jana alipika tu. Lakini kwako tunafika siku hiyo hiyo, usiende popote." Atapiga kelele kidogo. Atasema, "Yaani mimi sina nyumba?" Mwache aseme, hiyo ni haki yake. Usianze kueleza habari za gharama wala vitanda. Rudia tu kwamba Alhamisi jioni mko mlangoni kwake.

Na jambo la pili ni begi. Mkishuka steji, nendeni kwanza mkaweke mizigo gesti, muoge, ndipo mwende Migosi. Begi likishavuka kizingiti cha dada halitoki. Watoto watalipokea, litaingizwa chumba cha ndani, na hapo hata mimi siwezi kukusaidia. Mbebeeni zawadi inayotoka kwenu: debe la rosekoko kutoka kwenye duka lako, na viazi vya Molo. Huku chini viazi vyema vinatoka kwenu juu na tunavinunua kwa bei ya kuuma. Ukimletea mama wa hapa nusu gunia la viazi, jirani zake watajua ana ndugu. Kaeni, kunywa chai, msikilize habari za nyumbani. Ikifika saa tatu usiku muageni, na mumeo awe wa kwanza kusimama.

Hilo la gesti na mpango wa kando nalielewa, kwa sababu wengi wetu tulikua tukisikia neno lojing'i likitajwa kwa sauti ya chini. Lakini nyumba za wageni za mtaa wa Milimani zina uwanja, miti mikubwa, chai ya asubuhi na familia zilizokuja kwenye harusi. Bebeni vitambulisho vyote viwili, mjiandikishe kwa majina yenu, mume na mke, mchana kweupe. Ukipiga simu kuulizia chumba uliza mambo matatu: kama kuna chandarua, kama kuna feni, na kama chai ya asubuhi imo kwenye bei. Usitume pesa yote kwa namba uliyoitoa kwenye picha za mtandaoni. Tuma kidogo ya kushikilia chumba, kingine mlipe mkishakiona.

Na gesti ailipe mumeo. Pesa ya chama ni yako, na usimtoe mumeo kama mtoto anayepelekwa sherehe. Akiwa amelipa chumba, hiyo ni safari yake pia, na hutamwona akinung'unika juu ya bei ya shuka. Katika 30,000 zako, ondoa kwanza nauli ya kurudi uifungie kwenye simu usiiguse. Elfu tano nyingine ziache Nakuru kabisa, maana Agosti ikiisha muhula wa tatu unafunguliwa na unajua sare zinavyokuwa. Kinachobaki ndicho cha boti, samaki, na soko.

Msisafiri siku shule zinapofungwa, steji hujaa masanduku ya chuma na nauli hupanda bila aibu. Subirini wiki moja. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ziwa letu liko kama mita 1,130, kwa hivyo mtashuka na jua litakuja kuwalaki. Lakini kabla ya kushuka kuna Kericho, ambako ukungu hukaa juu ya majani chai hadi saa nne. Jaketi usilifungie ndani ya begi hadi mpite huko. Mkikaribia Ahero, ambako mashamba ya mpunga yanaanza na ndege weupe wamesimama majini, utalivua mwenyewe. Mchele wa pale barabarani msinunue mkija, nunueni mkirudi.

Sasa siku zenyewe. Ijumaa ni yenu, na Ijumaa ndiyo nataka uione vizuri.

Asubuhi nendeni Makavazi ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Kuna nyoka, mamba na matangi ya samaki, mumeo atafurahi kama mtoto. Wewe nenda moja kwa moja kwenye lile boma la Kijaluo lililojengwa uwanjani. Simama langoni utazame mbele. Nyumba inayokabili lango ni ya mikayi, mke wa kwanza, na hakuna anayeingia bomani bila yeye kumwona. Kaa hapo kidogo na mumeo. Kisha mkiwa bado na nguvu, pandeni matatu ya barabara ya Bondo, kama kilomita 30, mpaka Kit Mikayi. Ni mawe makubwa yaliyopandana kama mtu aliyayapanga, na watu hufika pale kuomba, kwa hivyo mwende kwa heshima. Jina lake maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Wazee husimulia kwamba mzee mmoja, Ngeso, alilipenda jiwe lile hata akawa anashinda pangoni mwake kutwa, na mkewe akawa anampelekea chakula huko asubuhi na mchana. Watu wakimuuliza yule mama mumewe yuko wapi, alijibu kwamba ameenda kwa mke wake wa kwanza. Nikisoma barua yako nilimfikiria sana mama huyo na bakuli lake njiani.

Msichelewe kurudi, jioni ni ya Dunga.

Dunga haiko mbali, ni mwendo mfupi wa tuktuk kutoka katikati ya mji, upande wa kusini ufuoni. Fikeni saa kumi na moja jioni. Hapo vaa viatu vyako. Kabla hamjaingia kwenye boti, ulizeni majaketi ya kuelea, na yasipokuwepo ya watu wote msipande, hata kama mwenye boti anacheka. Atawapitisha kando ya mafunjo, ambako ndege hulia bila kuonekana, na mkibahatika mtaona viboko, masikio na pua tu juu ya maji. Msimwombe asogee karibu. Ikiwa upepo umesukuma gugumaji likafunika njia, boti hazitoki siku hiyo, basi kaeni ufuoni tu, hamjakosa kitu. Jua la Agosti huzama kabla kidogo ya saa moja. Linaanza kuwa jeupe, linakuwa la rangi ya papai, halafu maji yote yanachukua rangi hiyo, na mitumbwi inayorudi inaonekana kama imechorwa kwa makaa. Mshike mumeo mkono. Huko hakuna anayewajua.

Miguu msiitie ziwani, kwa sababu ya kichocho. Na giza likiingia msitembee kando ya maji, viboko hutoka kula nyasi.

Samaki usimwagize kama unavyoagiza chai. Nenda pale wanapowaweka kabla hawajakaangwa. Inua shavu uone wekundu wa ndani, tazama jicho kama limejaa na kung'aa. Sema nani unamtaka, mkubaliane bei hapo hapo, bei iwe pamoja na ugali na mboga, ndipo akatwe. Ngege, anayeitwa tilapia, akaangwe mzima kavu. Mbuta anafaa mchuzi wa nyanya, ana mnofu mwingi na miiba mikubwa inayoonekana, kwa mgeni ni rahisi kula. Mbuta huyo si mwenyeji wa ziwa, aliletwa na wakoloni miaka ya 1950, mwambie mumeo akiuliza kwa nini ni mkubwa hivyo. Ugali agizeni wa mtama. Mboga agizeni osuga, ambayo nyinyi mnaiita mnavu, au apoth, ule mlenda unaoteleza. Mtangoja kama nusu saa au zaidi, na kungoja huko ndiko nilikotaka mfike. Hamna jiko la kuangalia wala mtoto wa kutuma. Ongeeni. Msianze na karo. Muulize anakumbuka nini siku ile aliyokuja kwenu mara ya kwanza.

Mkibaki na hamu ya habari, mwambie hata mji huu uliwahi kubeba jina la mke wa mtu. Reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani mwezi wa Desemba 1901, aliyepigilia msumari wa mwisho alikuwa Florence, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandazaji wa reli, na pale mahali pakaitwa Port Florence.

Jumamosi asubuhi mapema nendeni Hifadhi ya Impala, iko karibu na Dunga, ni ndogo ya kutembea kwa miguu. Malipo ni kwa mtandao wa eCitizen, kwa hivyo jiandikisheni usiku uliotangulia badala ya kuhangaika langoni. Msishike kitu cha kula mkononi, tumbili wa pale hawaombi. Utamwona chui ndani ya seli na swala wakitembea huru. Baadaye mumeo apewe saa mbili zake za spea, kwa pesa yake, na wewe uingie kwenye maduka ya Mega City au West End bila mtu wa kukuharakisha. Mkutane mtaa wa Oginga Odinga, penye mnara wa saa. Saa mbili zikiisha, orodha ya spea imefungwa hata kama bolti moja haijapatikana.

Kibuye ni Jumapili asubuhi. Soko liko wazi kila siku, lakini Jumapili ndiyo siku yake, mitumba inamwagwa hadi barabarani. Wewe ni mwana wa soko, sitakufundisha kubishana bei. Nitakwambia tu uvunje noti kabla ya kwenda na simu uiweke mbele, si nyuma. Nunua kitu kimoja cha chumba chenu cha kulala, si cha sebule.

Na kwa kuwa mnatoka juu ambako mbu ni wachache, miili yenu haijazoea malaria ya huku. Laleni ndani ya chandarua siku zote hizo, jioni vaeni mikono mirefu na mjipake dawa ya kufukuza mbu. Mkirudi Nakuru, mmoja wenu akipata homa, hata ikiwa wiki tatu zimepita, asiseme ni baridi. Aende akapimwe siku hiyo hiyo na amwambie daktari alikuwa Kisumu.

Nimebakiza Jumamosi jioni, na nimeibakiza kwa makusudi. Jioni hiyo mpeni dada.

Msiende kula kwake. Mumeo ampigie Ijumaa, amwambie yeye na mumewe wawe tayari saa kumi na moja, tuktuk itawapitia. Watoto wakubwa waachiwe pesa ya chapati. Mpelekeni Dunga, pale pale mlipokaa nyinyi wawili. Mwanamke aliyeuza omena mpaka mdogo wake akamaliza kidato cha nne amewauzia watu samaki miaka mingi, lakini jiulize ni mara ngapi mtu amemwekea yeye sahani mbele, akamnawisha mikono, akamwambia ale. Mkifika atataka kwenda kusaidia kule jikoni, ni mazoea. Wewe mshike kiwiko umketishe karibu nawe, mkitazama maji. Mume wako ndiye asimame aende kuzungumza na mwenye samaki, na kabla hajakubaliana bei yoyote amwite dada yake aje achague wake kwanza.